Bei ya ua Malindi: pima kwanza, kisha ulipe

Dada yangu, umeuliza kwa nini fundi wa hapa Malindi anakutajia bei ya kujenga ua inayopita mbali ile aliyolipa mamako miaka kumi iliyopita. Sababu zipo. Nyua za zamani nyingi zilisimama kwa boriti za mikoko. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, boriti zikawa adimu, watu wakahamia mvinje na nguzo za zege. Waya nao unafuata dola: Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 hivi. Baadaye shilingi ikapata nguvu, ila bei ya dukani haina haraka ya kushuka.

Pima mwenyewe. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina mzunguko wa futi 300; ukiweka nguzo kila futi 10, ni nguzo 30. Fundi akuandikie nguzo, waya na ufundi, kila kimoja na bei yake.

Na tafadhali, waya mwembamba usiukubali! Wangu, karibu na bahari, haukumaliza miaka miwili. Ukiushika, kutu inabaki kidoleni kama unga wa manjano. Pesa ikibana, jenga mbele kwanza, nyuma panda michongoma.