Kumbe na theluji ina ukoko: nawajibu mnaouliza huku kukoje

Mdogo wangu wa Wete kanirushia voisi juzi, dakika nne nzima, na ndani yake maswali matatu: kaka baridi ya huko mnaiwezaje, asome lugha gani kabla hajaja, na mbona mie kwenye simu kila siku nalalamika wakati picha zangu zote nimesimama kwenye theluji nacheka. Namjibu hapa na wengine wenye swali hilo hilo msome, maana sina nguvu ya kurudia.

Baridi utaizoea. Wallahi utaizoea, makoti yanauzwa. Kilichonitesa mie na mpaka leo hakijaniacha ni majina ya vitu vidogo vidogo, vile ambavyo hakuna mwalimu anayekufundisha, na kwangu balaa lenyewe lilianzia kwenye ukoko.

Nipo Fribourg, Uswisi. Nchi ina lugha nne rasmi, jimbo letu peke yake lina mbili, Kifaransa na Kijerumani, na ule mpaka wa lugha wenyewe wanauita Röstigraben, yaani mtaro wa rösti, na rösti ni mbatata zilizokunwa zikakaangwa mpaka zikashika ukoko. Yaani hata mpaka wao ni wa chakula kilichoganda kwenye kikaango, sasa mie ntaponea wapi.

Kazi yangu ambayo shangazi anawaambia watu ni ya ofisini ni hii: nipo ghala la chini la jibini, ile Gruyère. Gurudumu moja lina kilo 35 hivi, limekula maziwa kama lita 400, limelazwa siku nzima kwenye maji ya chumvi, halafu linashushwa kwetu likae kwenye ubao miezi isiyopungua mitano. Sie tunaligeuza, tunalisugua kwa brashi na maji ya chumvi, tunalirudisha, tunachukua la pili, la tatu, mpaka mgongo unaita mama. Harufu ni ya amonia, kwa lugha ya nyumbani harufu ya godoro la kikojozi, inakaa mpaka kwenye nywele, miezi ya mwanzo nikipanda basi mtu wa kiti cha pili anahama. Na ule ute mwekundu unaoota juu ya jibini una jina lake, wa Kifaransa wanauita morge, wa Kijerumani Schmiere, na bosi wetu anayataka yote mawili kwa sababu zamu imechanganyika.

Sasa sikiliza. Wiki ya kwanza, saa tatu asubuhi, mkubwa wa zamu kapiga makofi kasema on casse la croûte. Mie Kifaransa changu cha darasani, cheti ninacho, casse najua ni kuvunja, na croûte nimefundishwa jana yake tu kwamba ndo lile ganda la jibini, tena nimeonywa likipasuka kuvu inaingia ndani na gurudumu zima linashuka bei. Nkajua nimevunja. Nikaanza kuyavuta moja moja natafuta ufa, jasho linanitoka kwenye ghala la nyuzi 13, wenzangu wote wameshapanda juu na mie nipo chini na tochi ya simu napapasa jibini kama daktari. Kumbe mtu wa watu anasema twendeni tukale. Nawakuta wana boflo na kahawa, wananiuliza ulikuwa wapi, nkasema chooni.

Haya, theluji. Mwezi wa tatu jua likianza kuwa na nguvu mchana linayeyusha theluji juu juu, usiku inaganda tena, asubuhi inakuwa na ganda gumu kabisa, unatembea juu yake kama sakafu. Mie alfajiri nakatisha uwanja wa ng'ombe, dakika kumi nipo kazini, raha tupu. Siku hiyo natoka saa nane mchana, njia ile ile, hatua ya ishirini mguu ukazama mpaka gotini, na zile kingo za ganda jamani ni kama chupa iliyovunjika, ukivuta mguu zinakuparura. Nimefika barabarani damu inachuruzika kwenye soksi. Asubuhi yake jamaa mmoja wa upande wa Kijerumani alinambia neno moja, Bruchharsch, nkamjibu asante na wewe pia. Harsch ndo huo ukoko wa theluji, na Bruch ni kuvunjika, yaani ukoko usiobeba mtu. Alikuwa ananionya, mie nilidhani salamu. Ukifanywa na upepo badala ya jua wanauita Winddeckel, na Deckel ni neno lile lile la mfuniko wa sufuria.

Daktari kaniosha, kanifunga, kanambia kikikauka nisibandue la croûte. Nkamkodolea macho. Jibini croûte, boflo croûte, theluji croûte, chakula cha saa tatu croûte, na sasa kigaga cha mguu wangu nacho croûte! Sie nyumbani kila kitu na jina lake, wali una ukoko, mti una gome, chungwa lina ganda, kidonda kina kigaga, mtu akikwambia mguu wangu umeshika ukoko utamcheka kutoka Wete mpaka Mkoani. Wajerumani nao wana Rinde, hilo ni la jibini, la mkate na la mti, kwa hiyo kwao jibini ina gome. Mtu wa lugha mbili kazini inabidi aamke na bongo mbili.

Kuna Muafghani pale, siku moja kaonyesha dirishani kasema barf. Nkamwambia hapana, hiyo theluji, barafu ni ile ya kwenye friji. Kang'ang'ania barf, barf. Kumbe Kiajemi chao barf ndo theluji yenyewe, sie tulipolichukua neno hatukuwa na theluji ya kulivisha, tukalipa kazi kwenye barafu za ukwaju za nje ya skuli. Na sie tunaojiita Washirazi!

Kwa hiyo mdogo wangu, cheti cha Kifaransa kisome, ila usidhani kitakufikisha popote peke yake, mie nilikuwa najua kuandika barua ya kuomba kazi na sijui brashi inaitwaje. Pesa ipo, ukiigeuza shilingi unaona umetajirika, ila kodi ya nyumba na bima ya afya, ambayo ni lazima na kila kichwa kinalipa kila mwezi hata mtoto mchanga, zinakuzindua kabla ya tarehe tano. Nakaribisha ukija. Sikuiti.

Na mnaouliza kama nakula hizo jibini: nakula, ila fondue yao, ile jibini ya kuyeyushwa chunguni ya kuchovyea mkate, wanapika na divai, naipisha. Mwaka jana mwenzangu akanipikia yangu kwa juisi ya tofaa, tukachovya mikate mpaka chini, kubaki kile kilichogandia kwenye chungu akakibandua kwa kisu akanipa kipande kikubwa. Wa Kifaransa wanakiita la religieuse, yaani mtawa, wa Kijerumani wanakiita Grossmutter, bibi. Nimekitafuna kinalia karr karr, nkamkumbuka mama anatupiga kofi za mikono kwenye sufuria, acheni ukoko nyie, siku za harusi zenu itanyesha.

Mie nimeoa huku mwezi wa pili. Theluji ilimwagika tangu alfajiri mpaka maghribi, magari hayaendi, shekhe kafika kachelewa saa mbili. Mama yuko kwenye spika ya simu, ukumbi mzima unamsikia: "Si nilikwambia!"