Mgawo wa Oktoba Hupangwa Mei: Kwa Kijana Aliyepangiwa Kazi Bwawani

Ikifika Septemba simu yangu haipumziki. Ni vijana walio zamu mabwawani. Shikamoo inatoka haraka haraka, halafu swali: "Mzee, kina kinashuka karibu sentimita mbili kila siku na mvua bado miezi mitatu. Tufanyeje?" Huwa nawajibu wasichopenda kusikia. Septemba kilichobaki ni kuchagua nani akose umeme na saa ngapi. Bwawa huokolewa Mei, likiwa limejaa, wakati hakuna anayekumbuka ukame na neno "kubana" linaonekana uchuro.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye vipimo vya maji vya mto Ruaha Mkuu, kwa hiyo mifano yangu ni ya Mtera na Kidatu, mabwawa mawili ya umeme ya mto huo. Uliyeko Nyumba ya Mungu, au Masinga kule Kenya, badilisha namba. Hesabu ni ile ile.

Kwanza jua bwawa lako lilijengwa kwa kazi gani. Kidatu ndiyo iliyotangulia. Mitambo yake ya mwanzo iliwaka 1975. Mtera likajengwa upande wa juu wa mto, mpakani mwa Iringa na Dodoma, ili kutunza maji ya msimu wa mvua na kuyashusha kidogo kidogo kiangazi. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja 1988. Kidatu ina megawati 204 lakini bwawa lake ni dogo, kama mita za ujazo milioni 125. Mtera, kutoka kina cha chini cha uendeshaji cha mita 690.00 juu ya usawa wa bahari hadi kina cha juu cha 698.50, linabeba karibu bilioni 3.2. Kwa hiyo Mtera ni ghala na Kidatu ni chungu. Vijana wengi wanakodolea macho chungu kwa sababu ndicho kinachopanda na kushuka haraka na ndicho kinachopigiwa simu kutoka makao makuu. Wewe angalia ghala.

Sasa bajeti, na hapa naomba usiruke mistari. Chukua siku ambayo maji yanayoingia yameanza kupungua kweli kweli, kwa kawaida Mei. Soma kina, nenda kwenye jedwali la bwawa linalobadilisha kina kuwa ujazo, uone umebaki na kiasi gani juu ya 690. Tuseme limekupa mita za ujazo milioni 1,500. Hesabu siku hadi katikati ya Januari, maana mvua za kanda ya kati zikianza Desemba haimaanishi bwawa limeanza kupanda. Ni siku 230 hivi.

Kabla hujagawa, toa fungu la jua. Mtera ni pana na halina kina kirefu. Likijaa linatanda kama kilomita za mraba 600 katikati ya nchi kame, na bwawa wazi kanda ile hupoteza karibu mita mbili za maji kwa mwaka kwa jua na upepo tu. Kwa kuwa eneo linapungua kadiri maji yanavyoshuka, chukua wastani wa kilomita za mraba 400 na milimita tano na nusu kwa siku. Hiyo ni mita za ujazo milioni 2.2 kila siku, na kwa siku 230 ni zaidi ya milioni 500. Theluthi ya mali yako imekwenda bila kuwasha hata taa moja. Nimeona bajeti zilizoandikwa na watu wenye shahada zao, fungu hili halimo kabisa.

Umebaki na bilioni moja. Igawe kwa siku 230, unapata milioni 4.3 kwa siku, sawa na mita za ujazo 50 kwa sekunde. Ukumbuke kanuni ya mkono: mita moja ya ujazo ikianguka mita 100, ukiondoa hasara za mashine, inakupa karibu robo ya uniti. Mtera ina anguko la kama mita 100 na Kidatu kama 175. Kwa hiyo 50 kwa sekunde ni megawati 45 hivi Mtera, halafu maji hayo hayo yakishuka yanatoa 77 Kidatu. Jumla 120 na ushei, kati ya 284 zilizoandikwa kwenye vibao vya mitambo.

Hapo ndipo watu wanapokunja uso. Mitambo mizima ipo, bwawa linaonekana bahari, na wewe unasema tuzalishe chini ya nusu? Waonyeshe upande wa pili. Mtera ikiendeshwa kwa nguvu zake zote inahitaji karibu mita za ujazo 96 kwa sekunde, yaani milioni 8.3 kwa siku. Jumlisha na jua, gawanya kwenye ile 1,500. Siku 143. Kabla Oktoba haijaisha umefika 690 na mbele yako una Novemba na Desemba zote.

Maji yanayoingia kiangazi nimeyaweka sifuri kwa makusudi. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kabisa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, maji yakiishia huko juu, mashambani Usangu na kwenye kinamasi cha Ihefu. Kisigo ni mto wa msimu. Unakuja kwa kishindo na kuondoka. Ruaha Mdogo, unaotoka nyanda za juu za Iringa, ndio unaoendelea kuchuruzika. Hicho kidogo kichukulie kama bahati, usikiweke kwenye mipango. Na kama mamlaka ya hali ya hewa inatabiri mvua nzuri, shukuru, lakini utabiri haupiti kwenye mashine.

Bajeti yote inasimama juu ya namba moja unayosoma asubuhi, basi isome vizuri. Bwawa likiwa karibu kujaa, sentimita moja ni mita za ujazo milioni sita. Mchana upepo unasukuma maji upande mmoja na kibao cha vipimo kinakudanganya. Soma alfajiri, saa kumi na mbili, kabla upepo haujaamka. Mawimbi yakiwepo, usichukue namba ya kwanza uliyoiona: chuchumaa, tazama wimbi linapanda hadi wapi na linashuka hadi wapi mara kadhaa, chukua katikati. Futa utelezi wa kijani kwenye kibao kwa brashi ngumu, la sivyo utakuwa unakisia mstari. Maji yakirudi nyuma sana, kibao cha chini hubaki kwenye tope, na mtu aliyetumwa asubuhi ya baridi hushawishika kusoma kwa mbali. Ukikuta daftari lina namba zinazoshuka sawasawa kila siku, mbili, mbili, mbili, ujue kuna mtu anasoma akiwa kitandani. Bwawa halishuki hivyo.

Kila wiki chora mistari miwili kwenye karatasi moja: kina ulichopanga na kina kilichopo. Tofauti ikifika sentimita kumi, punguza wiki hiyo hiyo. Ukingoja iwe nusu mita utalazimika kuzima mtambo mzima, na hilo litaamuliwa na mtu ambaye hajawahi kuliona bwawa lako.

Simu ya jioni kutoka chumba cha kudhibiti Gridi ya Taifa nayo ina namna yake ya kujibiwa. Watu wale wanabanwa kuliko wewe. Mtambo wa gesi umeanguka Dar, wanataka megawati 30 zaidi sasa hivi. Usikatae kwa hasira na usikubali kinyonge. Wape, lakini wakiwa kwenye simu waambie gharama kwa lugha yao: "Megawati 30 hizi za Mtera kwa saa nne ni kama uniti laki moja na ishirini, tutazirudisha usiku wa manane kwa kupunguza." Kisha andika saa, jina na cheo cha aliyeomba, na lini zitarudishwa. Ukisema tu "maji ni machache" hakuna anayekusikiliza, kwa kuwa maji huwa machache kila mwaka.

Kuna jambo la Kidatu linalowapita wengi. Kati ya Mtera na Kidatu inaingia mito mingine, Lukosi na Yovi, na msimu wa mvua hiyo miwili ina maji ya kutosha kuendesha sehemu ya Kidatu bila msaada wa Mtera. Usiiache Kidatu ijae pomoni mwezi Februari huku Mtera ikiendelea kushusha. Maji uliyoshusha leo hayafiki Kidatu leo, na yakifika yakikuta bwawa limejaa yanamwagika juu ya mageti, umepoteza anguko lote la mita 175. Msimu wa mvua Kidatu iwe na nafasi, Mtera ifungwe kadiri inavyowezekana, mito ya katikati ifanye kazi. Najua sasa kuna anayesema maji yaliyomwagika si hasara tena, kwa kuwa Ruaha Mkuu unaingia Rufiji na chini kuna Bwawa la Julius Nyerere linalosubiri. Kweli, lakini Nyerere hairudishi uniti ulizoruka Kidatu.

Na kwa kuwa tumelitaja: tangu mtambo wake wa kwanza uingie kwenye gridi Februari 2024, presha imepungua sana. Megawati 2,115 si mchezo. Ushauri wangu ni kuitumia nafasi hiyo kuipumzisha Mtera katika miaka mizuri, iingie kiangazi ikiwa juu. Mchangiaji mkubwa wa Rufiji ni Kilombero, wenye mvua za milima mingine, na siku Kilombero nao utakapokauka mwaka mmoja na Ruaha, Mtera iliyochezewa haitakuwa na msaada. Waliokuwepo 2006, na tena Oktoba 2015, wanakumbuka gridi inavyokuwa mitambo ya maji ikikosa maji.

Upande wa mashine nitasema machache, mafundi wanajua zaidi. Ukiwa na maji ya mtambo mmoja na nusu, endesha mmoja karibu na mzigo wake mzuri kuliko miwili nusu nusu. Mashine za aina hii zikiendeshwa kwa mzigo mdogo zinatetemeka, zinakula vyuma vyake, na kila uniti inagharimu maji mengi zaidi. Kina kikikaribia 690, weka mtu aangalie mbele ya mlango wa kuingizia maji. Akiona maji yanazunguka na kutengeneza shimo katikati, hewa inaingia; punguza mara moja. Magogo na magugu nayo hukusanyika kwenye vyuma vya kuchujia kipindi hicho hicho.

Kushuka chini ya 690 kunawezekana. Kibali kikitolewa utashuka. Ila andika wazi kwenye taarifa kwamba mvua zijazo zitaanza kwa kujaza hilo shimo kabla hujapata hata mita moja ya kutumia, na kwamba maji yale ya chini ndimo perege na kambale wa wavuvi wanamojibana. Mzee mmoja mvuvi aliwahi kuniambia, "Mwanangu, nyinyi mkikosa umeme mnawasha jenereta. Sisi samaki wakifa tunawasha nini?" Sikuwa na la kumjibu, na tangu siku hiyo taarifa zangu zilikuwa na mstari wa samaki.

Waambie watu mapema. Maji yakirudi nyuma, wanavijiji hulima mahindi kwenye udongo ulioachwa, na huko chini wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni wanategemea mto. Ukibadilisha mashusho kwa ghafla, pampu zao zinabaki juu ya mchanga au zinasombwa. Simu kwa mwenyekiti wa kijiji siku mbili kabla haigharimu kitu.

Mwisho ni mvua za kwanza, wakati ambao nidhamu ya miezi saba huvunjika kwa siku tatu. Kisigo utanguruma usiku, maji mekundu yataingia, kina kitapanda sentimita kadhaa na kila mtu atataka mitambo iwashwe. Subiri. Mafuriko ya kwanza yana tope, mito ya juu ina mchanga mkavu unaokunywa maji, na mara nyingi baada ya wiki moja ya mvua hufuata wiki tatu za jua. Kigezo changu kilikuwa vitu viwili kwa pamoja: Ruaha Mkuu uwe unatiririka bila kukatika hifadhini, na kina cha Mtera kipande siku kumi mfululizo bila kupunguza uzalishaji uliopangwa. Vikitimia vyote, ongeza mtambo wa pili, karibu na mzigo wake mzuri, saa za jioni tu, uangalie wiki moja, ndipo uandike bajeti mpya.