Tochi yangu haikuonekana

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni haki watengeneza filamu za wanyamapori kupanga tukio kisha kulionyesha kama limetokea lenyewe. Nijibu kama mwigizaji, maana nimeigiza.

Nalima mtama na alizeti wilayani Chemba, mkoani Dodoma, si mbali na Pori la Akiba la Swagaswaga. Tembo wanatujua. Mwaka mmoja mtama ulipokaribia kuvunwa walikuja wapiga picha, wakakesha siku nne. Tembo hawakutokea, walishapita wiki moja kabla na kula walichotaka. Siku ya tano tukaambiwa tuwafukuze hivyo hivyo. Tumfukuze nani? Tukajibiwa kwamba picha za tembo wanaokimbia wanazo, zitaunganishwa baadaye.

Nikaja na vifaa vyangu: tochi ya kuchaji yenye mwanga mkali, honi, na debe la kuchomea pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. (Moshi ule ukikugeukia unalia kama mfiwa.) Wakasema tochi haipendezi, tushike vinga vya moto. Bodaboda ya mpwa wangu ikafichwa nyuma ya nyumba. Paneli ya sola ikafunikwa majani. Mimi nikavuliwa fulana ya Simba. Tukakimbia tukipiga mayowe kwenye shamba lisilo hata na digidigi, mara tatu, kwa sababu mara mbili za mwanzo mzee mmoja alishindwa kuzuia kicheko. Tulilipwa, na hela sirudishi.

Kwa hiyo siwezi kuwanyooshea wenzangu kidole bila kujitazama. Lakini mambo haya hayalingani uzito. Katika filamu ya Disney ya mwaka 1958, White Wilderness, lemingi, vipanya wa nchi za baridi, walionyeshwa wakijirusha majini kufa. Uchunguzi wa televisheni ya CBC ya Kanada mwaka 1982 ulibaini kwamba walinunuliwa katika jimbo la Manitoba, wakapelekwa jimbo la Alberta, kisha wakasukumwa kutoka kwenye genge. Filamu ilishapata tuzo ya Oscar. Hapo mnyama ameuawa ili asingiziwe tabia asiyo nayo, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba lemingi hujiua.

BBC na dubu wao wa barafuni katika filamu ya Frozen Planet, mwaka 2011, nawasamehe. Watoto wa dubu walioonyeshwa kama wa porini walizaliwa kwenye bustani ya wanyama Uholanzi, picha zikachanganywa na za theluji ya porini. Dubu huzalia kwenye shimo chini ya theluji. Ukimwingilia na kamera anaweza kuwatelekeza watoto. Maelezo yalikuwepo kwenye tovuti yao, ila mtazamaji aliyekaa sebuleni angeyajuaje? Mstari mmoja chini ya skrini ungetosha. Sauti nazo nyingi hutengenezwa studio, kwa kuwa lenzi huvuta picha ya mbali na maikrofoni haivuti mnong'ono wa mbali. Hilo halininyimi usingizi.

Nikijipima kwa kipimo cha dubu, niko salama: tembo huja kweli, nasi huwafukuza kweli. Nilijiridhisha hivyo mpaka nilipoiona filamu kwenye simu. Tembo wa kuunganishwa hawakunikera hata kidogo. Kilichonikera ni mimi, kifua wazi, na kinga cha moto mkononi, kama mtu asiyewahi kujifunza lolote kuhusu mnyama anayeishi naye jirani. Ile pilipili tumeihangaikia misimu mingapi! Fomu za kifuta jasho, yale malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, tumejaza mara ngapi! Hakuna mnyama aliyeumizwa shambani kwangu, kwa hiyo wakosoaji wa filamu hizi hawatapataja kamwe. Mimi nataka wakihesabu vilivyopangwa, watuhesabu na sisi tulio pembeni ya picha.

Mpwa wangu yeye aliitafuta bodaboda yake mwanzo hadi mwisho wa filamu. Ndiyo iliyotuwahisha shambani usiku ule tembo walipokuja kweli.

Msomaji, Chemba