Oili ya Injini Ikipanda Yenyewe, Usiwashe Gari

Asubuhi moja Makambako, tumeshapakia viazi, utingo alichomoa kijiti cha oili akaniambia, "Bosi, oili imepanda." Alama ya juu ilikuwa imepitwa kwa karibu vidole viwili. Wiki nzima sikuwa nimeongeza hata tone. Nikajiambia gari limesimama kwenye mteremko, nikawasha tukaondoka. Kosa langu ndilo hilo.

Kabla ya Mafinga taa ya oili ikaanza kupepesa kila nikiachia pedeli ya mafuta. Nikasimama, nikapima tena. Oili ilikuwa nyepesi, inachuruzika kwenye kijiti, inanuka dizeli. Ingekuwa ni maji ya rejeta, ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi ileile. Nikadondosha tone kwenye karatasi nikaliacha. Weusi ukabaki katikati, pembeni kukajichora duara la mafuta meupe. Hiyo ni dizeli.

Fundi wa kwanza alisema ringi za pistoni zimekwisha, tushushe injini. Wa pili, mzee wa makamo, aliuliza kwanza: kwenye injini hii dizeli na oili vinapakana wapi? Anza na swali hilo, maana sehemu zenyewe ni chache.

Lori langu lina pampu ya kuvuta dizeli iliyofungwa ubavuni mwa injini, inayosukumwa na kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Ndani yake mna diaframu, yaani utando wa mpira. Ikipasuka, dizeli inamwagikia moja kwa moja kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na nje huoni hata unyevu. Mzee alifungua boliti mbili, akaitoa pampu huku mipira ya dizeli ikiwa bado imeungwa, akaipampu kwa mkono. Dizeli ikatoka upande wa mkono wa pampu, ule unaoingia ndani ya injini. Kazi ya nusu saa.

Isingekuwa hapo, tungefuata sili ya shafti ya pampu ya nozeli, inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, kisha mipira ya marejeo inayorudisha dizeli tangini, kama inapita chini ya kava ya tapeti juu ya injini, kisha nozeli zinazokojoa dizeli badala ya kuipuliza kwenye silinda. Nozeli mbovu mara nyingi hujitangaza kwa moshi na injini kukosa silinda moja. Ringi ziwe za mwisho kabisa.

Usiendelee kutembea ukisema utatengeneza ukifika. Oili iliyochanganyika na dizeli haishiki kwenye beringi, na injini inanoki, yaani inakufa kwa ndani. Kibaya zaidi, oili ikijaa sana, injini inaweza kuivuta kupitia bomba la kupumulia ikaichoma kama mafuta. Hapo ukizima swichi haizimiki, inazidi kupanda mbio mpaka ivunjike.

Baada ya kufunga pampu mpya tulimwaga oili yote, tukabadilisha filta, tukajaza mpya mpaka alama. Iringa nikasimama sehemu tambarare, nikasubiri dakika kumi, nikapima. Morogoro nikapima tena. Ilikuwa palepale.