Mei Chicago: beba sweta, hata kama umezaliwa Mwanza

Saa nane mchana tulikuwa kwenye viti vya plastiki uwanjani, mimi na Mama, tunajipepea kwa karatasi za ratiba ya mahafali. Joto nyuzi 28, jua la kuuma. Saa tisa na nusu Mama alikuwa amejitanda kitenge mpaka kichwani, na mimi nimevaa joho la mdogo wangu juu ya shati. Yeye aliyehitimu alikuwa anatetemeka pembeni, ananicheka. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia Mama asihangaike na makoti: "Ni Mei, baridi imekwisha. Halafu sisi watu wa ziwa bwana."

Watu wa ziwa! Nimekulia Mwanza, upepo wa ziwani kwetu ni wa kutuliza. Ukitoka kazini ukakaa ufukweni ukilitazama Jiwe la Bismarck, unapata usingizi. Sasa ziwa Michigan, lile ambalo Chicago iko ufukweni mwake, ni kitu kingine kabisa. Letu linalizidi kwa ukubwa, zaidi ya kilomita za mraba 68,000 kwa 58,000 hivi, na Mama alifurahi sana kusikia hilo. Ila Victoria ni pana kama sinia. Kina chake kirefu kabisa ni mita themanini na kitu tu, wakati Michigan inashuka mpaka mita 281. Maji yote hayo yamekaa kwenye barafu na theluji miezi kadhaa, hayapati joto kwa wiki mbili tatu za jua. Kwa hiyo mwishoni mwa Mei nchi kavu imeshapata moto lakini ziwa bado ni friji, na upepo ukigeuka tu ukaanza kutoka mashariki, friji imefunguliwa mlango. Nyuzi kumi na zaidi zinaweza kuondoka ndani ya saa moja.

Ndiyo maana watabiri wa hali ya hewa wa kule hawaachi kuongeza "baridi zaidi karibu na ziwa". Wasikilize. Na jambo ambalo hakuna aliyetuambia: kipimo rasmi cha joto la Chicago huchukuliwa uwanja wa ndege wa O'Hare, ambao uko ndani kabisa, mbali na maji. Simu inaweza kukuonyesha 26 wakati wewe uko ufukweni na 15. Tafuta utabiri wa eneo lile lile unalokwenda. Na sweta liwe mkononi, lisibaki hotelini. Kanzu, dera, kaptula, vaa unachotaka, lakini sweta liwepo.

Kuogelea? Fukwe za jiji hufunguliwa rasmi kuanzia Ijumaa inayotangulia Memorial Day, sikukuu yao ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, ambayo ni Jumatatu ya mwisho ya Mei. Nilitia mguu mmoja. Nikautoa.

Sikukuu hiyo izingatie unapopanga safari. Mahafali ya vyuo vingi huangukia Mei, halafu wikendi hiyo ndefu inakuja juu yake, hoteli zinajaa na bei zinaruka. Sisi tulichelewa kukata chumba tukaishia kulipa karibu mara mbili ya bei tuliyoiona Februari. Mtoto akishakuambia tarehe ya mahafali, kata chumba siku hiyo hiyo, kile cha kufutika bila faini, halafu ndiyo uendelee na mambo ya viza. Siku ya Memorial Day yenyewe benki na ofisi za serikali zimefungwa.

Uwanja wa ndege. Mama alibeba dagaa wa Mwaloni, soko letu la samaki Mwanza, kilo mbili, wamefungwa mara nne na bado wananukia. Nilitaka tunyamaze. Mama akakataa, akamwambia afisa wazi wazi, nami nikatafsiri: samaki wakavu. Akafunguliwa begi, wakaangaliwa, tukapita. Nyama na matunda mabichi usijaribu, na chochote kinacholiwa kitaje hata kama ni karanga. Kinachowaponza watu ni kuficha, na faini yake ni mamia ya dola. Kutoka pale panda treni, ile wanayoiita Blue Line, inaingia mpaka katikati ya mji kwa dakika arobaini na tano hivi, na inatembea usiku na mchana. Nauli ni dola chache tu. Teksi ile ile safari itakula hela ya chakula cha siku mbili. Kadi yako ya benki ikiwa ya kugusisha, unagusisha mlangoni unapita, ila kabla hujaondoka nyumbani waambie benki waifungue kwa matumizi ya nje.

Bei ya kwenye shelfu siyo bei. Kodi ya mauzo Chicago inazidi asilimia 10, inaongezwa kaunta. Mgahawani ongeza bakshishi, asilimia 18 hadi 20, na huko hiyo si hisani, ni sehemu kubwa ya kipato cha anayekuhudumia. Maji ya chupa yana kodi yake ya ziada, senti tano kila chupa. Kunywa ya bomba, yanatoka ziwani humo humo na ni safi.

Na hapo kwenye maji kuna habari iliyonikaa kichwani kuliko maghorofa yote. Mto Chicago zamani ulikuwa unaingia ziwani, na uchafu wa mji mzima nao unaingia ziwani, kwenye maji yale yale wanayokunywa. Mwaka 1900 wakafungua mfereji mkubwa na kuugeuza mto, ukaanza kwenda upande wa pili, kulipa ziwa kisogo. Nimesimama darajani naangalia maji ya kijani yanatembea kinyumenyume, nikafikiria mifereji ya kwetu inayomwaga ziwani kila mvua ikinyesha. Ukipenda, kuna boti za watalii zinazopita katikati ya maghorofa huku mtu anaeleza nani kajenga nini baada ya moto wa 1871 kuteketeza sehemu kubwa ya mji. Ni nzuri lakini si rahisi mfukoni. Njia ya miguu kando ya mto ni bure na unaona majengo hayo hayo. Bure pia ni bustani ya wanyama ya Lincoln Park, na lile harage kubwa la chuma la Millennium Park ambalo kila mtu hupigia picha. Nenda asubuhi mapema, utakuta watu wachache.

Usiku wenyewe ulitusumbua. Saa mbili usiku jua linawaka! Linazama saa mbili na robo hivi, na Mama alikuwa hawezi kupika chakula cha jioni kweupe. Tukawa tunakula saa nne, tunalala saa saba, halafu saa kumi na moja na nusu jua limo dirishani. Ongeza na tofauti ya saa nane na nyumbani, siku tatu za kwanza usipange kitu cha maana. Wanaoswali wajiandae: Magharibi na Isha zinakwenda mbali sana, na Alfajiri inakuwahi.

Ugali. Nilinunua unga mweupe wa mahindi duka la Wameksiko, nimejawa furaha. Ukavutika kama gundi, ukanuka chokaa. Kumbe ule ni wa tortilla, mahindi yake huchemshwa kwenye maji ya chokaa kabla ya kusagwa. Ukiona neno "masa" kwenye pakiti, rudisha. Tulipata mkombozi mtaa wa Devon, kaskazini mwa mji, kwa Wahindi na Wapakistani: unga wa chapati, bamia, nyama ya halali, bizari zote. Huko ndiko tulikomkuta mama mmoja wa Uvira, Kongo, kwenye foleni, akamsikia Mama analalamikia bei ya nyanya, akageuka: "Mama, unatokea wapi?" Foleni ilisimama. Yeye ndiye aliyetuelekeza duka la Waafrika wa Magharibi lenye unga wa kweli.

Makumbusho ya Field nilikwenda kwa ajili ya simba wa Tsavo, Kenya, wale waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 hadi mhandisi wao Patterson alipowaua. Nilitegemea majitu. Ni wadogo, kwa sababu walikaa miaka kama ishirini na tano wakiwa mazulia nyumbani kwa huyo Patterson kabla hajawauza kwa dola 5,000, na manyoya ya shingoni hawakuwa nayo hata walipokuwa hai. Mama akawaangalia kwa muda. "Wamekondeana," akasema, akaenda kutafuta kiti.

Kilichomfurahisha yeye kilikuwa nje. Siku za mwisho vitu vyeupe vilianza kuelea hewani, laini kama sufi, vikarundikana kando ya barabara. Mbegu za miti yao fulani. Mama, aliyelima pamba Magu tangu utoto, aliinama akaokota, akavuta nyuzi kwa vidole kama anapima daraja. "Fupi. Hii wasingeipokea ginari." (Mwenye mafua ya vumbi abebe dawa zake, mimi nilipiga chafya siku nne.)

Jioni ile ile tukiwa ufukweni, na makoti safari hii, akamuuliza mzee mmoja aliyekuwa na ndoano, kupitia kwangu, kama ziwa lao lina dagaa. Mzee akasema wako samaki wadogo, smelt, watu huwatega kwa nyavu usiku, lakini ni Aprili tu, mmechelewa. Mama akanigeukia.

"Umesikia? Mwakani tuje Aprili."

Aprili kule theluji bado inaweza kuanguka. Sijamwambia.