Maswali ya Wasomaji: Uzito Unaopanda Polepole

SWALI: Nina miaka 38 na kazi yangu ni ya kukaa. Kila mwaka naongezeka kilo moja au mbili. Sina haja ya kukonda, nataka tu nisizidi hapa nilipo. Nifanye mazoezi gani nyumbani, na nipunguze chakula kiasi gani?

JIBU: Lengo lako ni zuri kuliko la wengi, na gharama yake ni ndogo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700. Zigawe kwa siku 365 utapata kama 21 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai cha sukari na ziada kidogo. Mwilini mambo hayaendi kwa kikokotoo, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini huoni kinachokunenepesha: ni kidogo mno.

Basi punguza kilokalori 100 hadi 200 kwa siku, usizidishe. Anza na mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina kama 120, na anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa humwaga viwili akidhani ni kimoja. Pima kwa kijiko kila unapopika. Kisha tazama unachokunywa. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko viwili viwili vya sukari vinakaribia 100, na havikushibishi hata kidogo. Protini na mboga usiziguse, wala usiruke mlo. Anayeshinda na njaa mchana hulipa deni lote usiku, tena kwa riba.

Mazoezi ya nguvu yafanye siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Pasha mwili joto kwa dakika tano za kupiga hatua papo hapo ukiinua magoti. Halafu fuatanisha haya: kukaa na kuinuka kwenye kiti mara 12 bila kujisukuma kwa mikono, pushapu za ukutani mara 10, kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa na kuinua nyonga mara 12, kupanda na kushuka kidato cha ngazi mara 10 kila mguu, mwisho, kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, kwa sekunde 20. Pumzika dakika moja, rudia hadi mizunguko mitatu.

Kosa la kwanza ni magoti kuingia ndani unapoinuka kwenye kiti. Yasukume yaelekee usawa wa vidole vya miguu, na visigino visibanduke sakafuni. La pili ni kubana pumzi: toa pumzi unapoinuka. La tatu ndilo linalowaangusha wengi, nalo ni kubaki palepale kwa miezi. Ukimaliza 12 na ukahisi ungeweza kuongeza nne au tano, zoezi limekuwa jepesi. Tumia kiti kifupi zaidi, au shuka kwa kuhesabu hadi tatu.

Siku nyingine tembea kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili.

SWALI: Wiki ya tatu sasa nafanya mazoezi, na mizani imepanda kilo moja na nusu! Niache?

JIBU: Usiache. Misuli isiyozoea kazi huvuta maji inapojikarabati, na siku za kuelekea hedhi mwili wa wengi huhifadhi maji pia. Jipime asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kula, na ulinganishe na siku kama hiyo ya mzunguko wako uliopita, si na juzi. Ongeza na futi ya kamba: ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje bila kuvuta tumbo ndani, kisha soma. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 ni tahadhari. 88 ni hatari zaidi kwa moyo na kisukari.

Jichunguze jambo jingine pia: je, unajizawadia baada ya mazoezi? Nusu saa ya kutembea huchoma kilokalori mia moja na kitu tu. Chupa moja ya soda inazirudisha zote.

SWALI: Mazoezi ya tumbo peke yake yatapunguza kitambi?

JIBU: Hapana. Yanaimarisha misuli iliyo chini ya mafuta. Mafuta yenyewe mwili huyatoa unakotaka wenyewe.

SWALI: Nimejifungua miezi miwili iliyopita na nanyonyesha. Nikiruka kamba mkojo unanitoka.

JIBU: Acha kuruka kwa sasa. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu kutoka chini, bado ni dhaifu, na kila mruko unaishindilia chini. Ikaze kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, shikilia sekunde tano, legeza kabisa sekunde tano, mara kumi, mara tatu kwa siku. Usizoee kufanya hivyo ukiwa unakojoa, maana kibofu huenda kisimalize mkojo wote. Chakula usipunguze kwa makusudi bila ushauri wa mhudumu wa afya, kwa kuwa kutengeneza maziwa kunakula kilokalori nyingi. Mkojo ukiendelea kutoka baada ya miezi mitatu ya zoezi hili, muone mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo.