Muulize Mwalimu: Jimu ya mjini au ya mtaani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtumishi wa umma, nina miaka 43. Nilihamia Dodoma pamoja na wizara yetu. Kazini ni Mtumba, nimepanga Nzuguni. Tangu nitoke Dar mwili umeongezeka, na mwezi uliopita nilipimwa presha ikasoma 146 kwa 92. Daktari kaniambia nipunguze chumvi, nifanye mazoezi, kisha nirudi nipimwe tena. Wenzangu ofisini wamejiunga na jimu moja ya mjini, ina bwawa na viyoyozi. Ada yake ni 80,000 kwa mwezi, au 700,000 ukilipa mwaka mzima kwa mkupuo. Huku mtaani ipo nyingine ya vyuma, iko uani kwa mtu, 30,000 kwa mwezi au 2,000 kwa siku. Mume wangu anasema hiyo ni ya mabaunsa, nitatoka na mabega ya bondia. Nichague ipi?
Mama wa Nzuguni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na vumbi letu.

Bwawa tuliache kwanza, tuangalie safari ya basi. Kazi inaisha saa tisa na nusu. Ukitoka Mtumba kwa barabara ya Dar es Salaam, Nzuguni unaifikia kabla ya mjini. Yaani ili uende kwenye hayo mazoezi, kila siku itabidi upite kituo chako, uwaone wenzako wa mtaani wakishuka na mifuko ya nyanya, wewe ubaki umekaa. Halafu urudi tena usiku. Wiki ya kwanza utabaki kwenye kiti, kwa sababu viatu bado ni vipya. Wiki ya nne, na mtoto ana mtihani kesho, utashuka. Nimefundisha michezo sekondari miaka 31, na wanaoacha mazoezi kwa sababu ya uvivu nimewaona wachache. Wengi huachishwa na nauli na giza.

Sasa hiyo ofa ya mwaka. Gawa 700,000 kwa 80,000 uone: ni miezi minane na robo tatu. Faida unaanza kuila mwezi wa tisa, tena kama hujakosa hata mwezi mmoja. Kabla ya hapo umemkopesha mwenye jimu bila riba. Nasema hivi kwa uchungu. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa miezi sita mahali fulani hapa mjini, wiki ya saba nikakuta kufuli mlangoni na karatasi ya dalali. Ndani kulibaki taulo langu na raba. Taulo nimeshasamehe.

Kwa hiyo anza na ya mtaani, lakini usiende kuiangalia Jumapili mchana ikiwa tupu. Nenda Jumatano saa kumi na moja jioni, saa ile ile utakayokuwa unaitumia, ulipe 2,000 yako ukae. Hesabu wanaosubiri benchi moja. Shika kamba ya mashine ya kuvuta, uone kama imeanza kuchanika nyuzi. Ingia bafuni ufungue bomba, maana Dodoma hii bafu lenye marumaru na bafu lenye maji ni vitu viwili.

Zaidi ya yote mwangalie mwalimu. Kuna kijana mmoja nilimkuta siku moja akimfundisha mama wa makamo kuchuchumaa. Hakumpa chuma. Alimwekea kigoda nyuma, akamwambia, “Kaa kama unaota moto, halafu simama kabla hujakikalia.” Mama akarudia mara kumi, visigino chini, mgongo umenyooka. Kijana wala hakushika simu. Mwalimu wa namna hiyo, hata kama anafundishia chini ya mwembe, mlipe.

Wewe una jambo la presha, kwa hiyo mpime kwa hilo. Usimwambie chochote, subiri kama atakuuliza afya yako kabla hujagusa kitu. Asipouliza, ondoka na 2,000 yako iwe sadaka. Akiuliza, mwambie namba zako. Anayejua kazi atakuanzishia vyuma vyepesi na kukukataza kubana pumzi unaponyanyua, kwa sababu kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Na ile tarehe ya kurudi kwa daktari usiiruke. Kipimo cha siku moja hakitoshi, na ni yeye wa kukwambia kama uko tayari kunyanyua.

Mume wako mweleze kwa upole kwamba mabega ya bondia hayaji kwa bahati mbaya. Vijana wanayatafuta miaka, wanakula mayai trei kwa trei, na bado hawayapati. Mwanamke homoni ya kujaza misuli anayo kidogo sana. Na katika umri wako misuli imeshaanza kupungua yenyewe, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 za mwendo wa kukuhemesha kidogo. Hizo siku mbili zifanyie uani kwa jirani. Dakika 150 ni nusu saa mara tano, na barabara za kuzunguka viwanja vya Nanenane hazina kiingilio. Toka saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka, na mume umchukue. Siku za maonyesho mwezi wa nane tafuteni njia nyingine, hapapitiki.

Bwawa nalo, kama moyo unalitaka, ulizia ada ya siku moja, uende na wenzako Jumamosi.

Ukishatoka huko Jumatano niandikie. Nataka kujua kama uliulizwa afya yako, na bomba lilitoa nini.